Safu ya Walamtuna: Haikimbii, Haikimbizi

Al-Bakri, mwanajiografia wa Andalus (Hispania ya Waislamu), aliandika mwaka 1068 jinsi Walamtuna walivyopigana. Hawa ni Waberberi wa Sahara, wanaume wa kuziba uso kwa kitambaa, ndio waliobeba dola ya Murabitun. Safu ya mbele ilishika mikuki mirefu. Za nyuma zilikuwa na mikuki mifupi ya kurusha, kila mtu na kadhaa. Mbele ya wote alisimama mshika bendera: ikiwa wima, wanasimama, akiiinamisha, wote wanaketi chini. Adui akikimbia, hawamfuati.

Hapo kwenye kutomfuata ndipo penye akili. Mbinu iliyozoeleka Maghreb ilikuwa kushambulia, kukimbia, kisha kugeuka ghafla. Ukimkimbiza mtu wa namna hiyo safu yako inatawanyika, naye anakurudia ukiwa vipande vipande. Asiyekimbiza hanaswi.

Zallaqa, karibu na Badajoz, tarehe 23 Oktoba 1086, Yusuf ibn Tashfin, amiri wa Murabitun, alitumia subira hiyohiyo kwa upana zaidi. Wapanda farasi wa Alfonso VI, mfalme Mkristo wa Castilla na León, waliwavamia kwanza Waandalus wa al-Mu'tamid, mtawala wa Sevilla na mshirika wa Yusuf, waliotangulia mbele. (Kumwachia mshirika wako kipigo cha kwanza ni ujanja wa roho ngumu, lakini ulifanya kazi.) Farasi walipochoka, jemadari wa Yusuf, Sir ibn Abi Bakr, akatumwa kuwaongezea Waandalus nguvu, na Yusuf mwenyewe akazunguka nyuma na kuichoma moto kambi ya Alfonso. Ngoma zikirindima, ngamia wakiwatia kiwewe farasi wasiowazoea. Alfonso alichomwa pajani, akanusurika kwa kiza cha usiku.

Kwenye kuta mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1088 Murabitun waliizingira ngome ya Aledo, iliyoshikwa na watu wa Alfonso, wakashindwa, huku wafalme wa Andalus wakigombana wenyewe kwa wenyewe ndani ya kambi.

Milimani ikawa mbaya zaidi kwao. Muwahidun, Waberberi wa milimani waliowaasi Murabitun, walishuka tambarare mwaka 1130 kuuzingira mji mkuu wa Murabitun, Marrakech, wakapigwa vibaya al-Buhayra, na jemadari wao al-Bashir akauawa. Abd al-Mu'min, aliyewaongoza Muwahidun baadaye, akashika somo: akapita milimani kwa miaka, Murabitun wakimfuata kwa chini. Akilazimika kupigana uwandani, alipanga mraba: mikuki mirefu pande zote nne, nyuma yake wenye ngao na mikuki ya kurusha, kisha wapiga mishale, farasi katikati. Safu zilifunguka, farasi wakachomoka kushambulia. Walipokimbizwa, walirudi ndani na mikuki ikafunga njia. Marrakech ilianguka mwaka 1147.