Ile chupa nyingine

Leo siku ya nne na sauti yake bado iko sikioni. Maneno yenyewe ni matano tu: "Ile chupa nyingine ilikuwa yangu."

Nianze na kilichonifikisha hapo. Darasa letu linatimiza miaka 30 tangu tumalize shule, na katika kundi letu la simu mwenzetu mmoja akaomba kila mtu asimulie jambo analomkumbukia mwalimu yeyote. Sikuwa na haja ya kufikiri. Ninyi mnaonisoma mnaijua hadithi yangu ya mkono uliotulia, nimeiandika hapa zaidi ya mara moja, na wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wodini nawasimulia siku yao ya kwanza ya kuweka dripu. Maabara ya Kemia, kidato cha tatu, titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea alkali tone kwa tone. Kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye bomba chini, kuna alkali, chini kuna chupa ya tako pana yenye asidi na matone mawili ya finofthalini, dawa inayogeuka waridi alkali ikizidi. Unafungulia kidogo, chupa inatikiswa, rangi ya waridi inachomoza na kupotea, inachomoza na kupotea, mpaka linadondoka tone moja na rangi inagoma kuondoka. Hapo funga. Ukipatia, rangi yenyewe ni hafifu kiasi kwamba bila karatasi nyeupe chini ya chupa unaweza usiione.

Mwalimu akapita mezani kwetu, akanyanyua chupa yangu, akenda nayo mbele. Mkono wa pili alishika chupa nyingine iliyokolea waridi kama kanga mpya. Akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazameni. Huu ni mkono uliotulia. Na huu ni mkono wa pupa."

Nilikuwa na miaka 16 na hakuna aliyewahi kunisifu mbele za watu. Kauli ile niliingia nayo chuo cha uuguzi, nikaingia nayo usaili wa kazi, na usiku ule wa ajali niliousimulia mwaka jana niliitamka kimoyomoyo nikitafuta mshipa. Basi nikaiandika yote kundini, na wenzangu wakaipokea kwa mioyo na makofi.

Saa nne usiku simu ikaita.

"Mwenzangu, umelala?"

Nilimjua kabla hajajitaja. Tulikaa dawati moja miaka mitatu. Akaniuliza watoto, nikamuuliza wake, tukacheka habari za kengele ya alfajiri na yule kiranja aliyekuwa akituandika majina kwa kuongea. Kisha akasema, "Nimesoma ulichoandika. Umekiandika vizuri."

"Kumbe unaikumbuka siku ile?"

"Naikumbuka. Ile chupa nyingine ilikuwa yangu."

Na mimi nikajibu nini? Nikasema, "Kweli?"

Kweli! Kama mtu anayeambiwa kesho kutanyesha. Akasema, "Kweli. Haya lala, kesho una zamu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Angefoka ningejua pa kuanzia.

Wiki hii mama mkwe katolewa mtoto wa jicho, kitinda mimba kafunga sanduku lake kaenda chuo, mimi nimehamishiwa wodi ya watoto, na katika yote hayo nimekuwa nikirudi pale pale: ilikuwa yangu, kweli, kweli, lala. Ningeweza kusema "nisamehe". Ningeweza kusema "sikukumbuka". Ningeweza kunyamaza tu naye akasikia kwamba limenifikia. Katika maneno yote ya lugha hii nilichagua lile linalomtaka athibitishe.

Kinachonitisha ni kwamba katika hadithi yangu ile chupa haikuwahi kuwa na mwenyewe. Miaka yote hii mwalimu anainua mkono wa pili na chupa imo tu, imetoka hewani. Lakini tulikuwa tukifanya kazi wawili wawili, na yeye alisimama kushoto kwangu. Chupa ile ilitoka hatua moja kutoka nilipokuwa. Lazima niliona mkono wa mwalimu ukiichukua. Niliona, kisha mahali fulani katika miaka hii nikamfuta mtu nikaiacha chupa, kwa sababu chupa niliihitaji ili yangu ing'are.

Mwanangu wa kwanza, huyu anayesoma saikolojia, aliwahi kunionyesha utafiti wa Harry Bahrick na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1975. Waliwapima watu 392 kwa picha za vitabu vya kumbukumbu vya shule walizosoma, na hata waliokuwa wamemaliza zaidi ya miaka 30 nyuma walizitambua sura za wenzao kwa takriban asilimia 90. Nilifurahi mno siku ile, nikaona basi hatupoteani. Sasa najiuliza sura inanisaidia nini. Ningemtambua kati ya picha mia. Aliposimama kando yangu akiaibishwa, sikumtunza.

Mwaka uliofuata yeye alihamia mchepuo wa sanaa. Nakumbuka nilimuuliza sababu, akasema kachoka na namba, nikaamini, tukaendelea kula embe. Sisemi alihama kwa ajili ya chupa. Nasema tu kwamba katika Kemia alikuwa amenizidi, na nililijua hilo.

Na mwalimu wetu pia simbebeshi zaidi ya haki yake. Alitufundisha vizuri, hadi leo siwezi kuona asidi kali bila kusikia sauti yake kwamba asidi ndiyo imiminwe majini taratibu, kamwe si maji kwenye asidi. Lakini siku ile chupa yangu ingetosha. Hakuhitaji ya pili.

Ijumaa usiku nilikuwa nikirekebisha dripu ya mtoto wa miaka sita. Mipira yetu ile ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo unatazama saa, unatazama chemba ya matone, unahesabu. Nikajikuta nahesabu kwa sauti isiyo yangu. Tone. Tone. Tone. Simama. Nilisimama kweli, mkono kwenye kirola, kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza matone. Ile ilikuwa sauti ya mwenzangu wa dawati. Mimi nilishika bomba la bureti, na aliyekuwa akitikisa chupa yangu huku jicho liko kwenye karatasi nyeupe ni yeye. Yeye ndiye aliyesema simama. Zamu yake ilipofika, mimi tayari nilikuwa nimeinama kwenye daftari naandika vipimo vyangu. Nani alimwambia yeye simama?

Nikampigia Jumamosi asubuhi, kabla sijavua sare. Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, la sauti, la daftari, na lile "kweli" langu. Akanyamaza, nami safari hii nikamwachia kimya chake.

Kisha akasema, "Unajua nani aliosha vyombo siku ile?"

"Sijui."

"Mimi. Nyinyi mlitoka kengele ilipolia. Nikazikuta chupa mbili pale mbele. Yako ilikuwa maji matupu. Rangi yote imekwenda. Yangu bado waridi."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha dawatini cha kuziba mdomo, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Maana ni kweli kabisa, ndivyo ilivyo: waridi hafifu ikiachwa wazi hewa ya ukaa huingia, alkali ile chembe iliyozidi inakwisha, na rangi inafifia yenyewe. Iliyokolea hukaa. "Nilisimama nikaziangalia," akasema, "nikaona yangu nzuri." Akasema alitaka kunikimbilia kunionyesha, akaona aibu.

Atakuja kwenye mkutano wa darasa. Ameniomba niisimulie tena hadithi ile, na nitaje chupa ya nani. Nimekubali, ila nimemwomba mwisho wake ausimulie yeye, maana mimi sikuwepo.

Nilikuwa niandike zaidi kuhusu mwalimu, lakini mama mkwe ameniita mara mbili. Jicho lililofanyiwa upasuaji limekuwa jekundu tangu mchana, na leo anasema anaona ukungu kuliko jana. Anasisitiza kwamba hajalisugua. Usiku halali na kile kikinga jicho, nimekikuta chini ya mto. Sitaki kungoja tarehe ya miadi. Baba yao yuko nje anawasha gari.