Vidole vya bibi

Leo nimempeleka bibi mjini Amu, yaani Lamu, kuchukua pesa zake za Inua Jamii. Tumetoka Matondoni kwa mashua, jua kali.

Kwa wasiojua, ni pesa za serikali ya Kenya, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70. Bibi haoni vizuri, na kumbukumbu inakuja na kuondoka, kwa hivyo hesabu zake nashika mimi. Dawa, unga, sabuni, yote naandika daftarini ndugu zangu waone.

Wakala akambonyeza kidole kwenye mashine. Haikusoma. Kingine, haikusoma. Akamfuta mkono kwa kitambaa kama anayesugua sufuria, kisha akanigeukia mimi:

"Huyu wako hana alama."

Huyu wako! Na bibi amekaa pale pale, anasikia.

Vidole hivyo vimesuka ukili tangu utotoni. Mikeka ndiyo iliyomsomesha mama yangu. Ncha zimelainika mpaka zinang'aa, mistari imekwisha.

Bibi akavitazama, akaniuliza polepole, "Kwani nimefanya nini, mjukuu wangu?"

Nimeumia, wallahi.

Pesa hatukupata. Nimeambiwa nikasajiliwe kama mlezi wake, nipokee kwa niaba yake. Sawa, nitakwenda. Lakini mzee asemeshwe yeye mwenyewe, aamkiwe, aelezwe. Hilo halihitaji mashine.

Wenzangu wenye wazee nyumbani, alama zikikataa mnafanyaje? Na kusajiliwa ulezi kuliwachukua muda gani? Niandikieni hapa, tafadhalini.