Siku niliyoulizwa nilikuwa narusha ndege gani

"Siku mashirika yalipotangaza kuungana, ulikuwa unarusha ndege gani?"

Swali hilo niliulizwa kwenye ukumbi wa hoteli mjini Washington, asubuhi moja ya Januari, miaka zaidi ya kumi sasa. Mbele yangu walikaa wasuluhishi watatu. Mezani palikuwa na bilauri ya maji ambayo sikuigusa, na kipaza sauti chenye taa ndogo nyekundu. Aliyeuliza hakuwa wakili wa mwajiri. Mwajiri hakutokea kabisa siku ile. Alikuwa wakili wa marubani wenzangu, na wale waliokaa nyuma yake walivaa kwenye koti beji ileile ya chama cha marubani niliyovaa mimi.

Kabla sijasema nilijibu nini, lazima nieleze habari ya namba.

Rubani wa shirika kubwa la Marekani ana namba moja inayotawala maisha yake. Anaipata anapoanza kazi, na inapungua kadiri walio juu yake wanavyostaafu. Kila mwezi tunaomba ratiba, na mgao unaanza kwa namba ya kwanza kushuka chini: nani atalala nyumbani Krismasi, nani atapangiwa kituo gani, nani ataruka zile ndege kubwa za kuvuka bahari, nani atahamia kiti cha kushoto awe kapteni. Walio chini wanachukua makombo, au wanakaa nyumbani na begi mlangoni wakisubiri kuitwa. Kazi zikipungua, panga linaanzia mkiani. Na namba haihamishiki. Kapteni wa miaka ishirini akienda shirika jingine anaanza mwisho wa foleni, kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Ndiyo maana hatuhami. Ukishaingia kwenye foleni unaing'ang'ania mpaka umri wa kustaafu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja kwenye foleni yangu, lakini kati ya hiyo, mitano tu ndiyo niliyokuwa hewani. Nilipunguzwa baada ya Septemba 11, 2001, nikaitwa tena, kisha uchumi ukayumba nikapunguzwa mara ya pili. Kupunguzwa kwetu si kufukuzwa: jina linabaki kwenye orodha, na kazi zikirudi mnaitwa kwa zamu. Tulikuwa tunaishi Columbus, Ohio. Usiku nilipakia vifurushi ghalani, mchana nikawafundisha vijana kurusha Cessna ya injini moja, na sikuacha hata mara moja cheti changu cha afya kiishe muda, ili simu ikilia wanikute tayari. Mke wangu alibandika karatasi yenye namba yangu kwenye mlango wa friji. Kila ikipungua alikata ya zamani na kuandika mpya chini yake, kwa kalamu ya bluu. Karatasi ile ilikuwa imejaa pande zote mbili.

Nikiwa bado nasubiri, tangazo likaja kwamba shirika letu linaungana na jingine.

Orodha mbili sharti ziwe moja, na hapo ndipo marubani wanapogeukiana. Kuna wanaotaka watu wapangwe kwa tarehe ya kuajiriwa, basi. Kuna wanaotaka uwiano, yaani aliyekuwa katikati ya orodha yake abaki katikati ya orodha mpya. Na kuna kinachoogopwa kuliko vyote, ambacho wenyewe wanakiita kupigwa stepla: karatasi ya orodha yenu inabanwa chini ya karatasi yao, na wa kwanza wenu anasimama nyuma ya wa mwisho wao. Shirika la American lilipolinunua shirika la TWA mwaka 2001, zaidi ya nusu ya marubani wa TWA waliwekwa mkiani, na wahudumu wa ndani ya ndege waliwekwa mkiani wote, hata waliozeekea kazini. Kufikia katikati ya 2003 wahudumu hao hawakuwa na kazi. TWA makao yake yalikuwa St. Louis, jimboni Missouri, na ni maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, waliosimamia sheria iliyopita Desemba 2007 kuzuia hilo lisirudiwe. Sheria inataka orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na mkishindwa kuelewana muende kwa msuluhishi. Maneno hayo ya haki na usawa yalichukuliwa kutoka kanuni za mwaka 1972, mashirika ya ndege ya Allegheny na Mohawk yalipoungana.

Haki na usawa. Hakuna mahali sheria inasema miaka ya mtu aliyepunguzwa ihesabiweje.

Kila aliyekuwa ukumbini aliijua habari ya US Airways na America West, mashirika yaliyoungana 2005. Msuluhishi George Nicolau alitoa uamuzi wake Mei 2007, na waliopunguzwa wa US Airways akawaweka chini. Rubani aliyeajiriwa karibu miaka 17 kabla alijikuta jirani na mtu aliyeingia upande wa pili miezi michache tu kabla ya muungano. Marubani wa US Airways wakawaka. Walikuwa wengi kuliko wenzao, basi mwaka 2008 wakapiga kura kukiondoa chama kilichokuwa kikiwakilisha pande zote mbili, wakaunda chao. Kesi zikaenda mahakamani. Mpaka shirika hilo linaungana na American mwishoni mwa 2013, makundi yale mawili yalikuwa bado yanaruka kila moja kivyake, chini ya rangi moja. Mimi sikuwalaumu wale waliowaka, ingawa naona walichofanya kiliwaumiza wote.

Basi asubuhi ile wakili wa upande wa pili aliwasha projekta. Orodha zetu zilikuwa zimegeuzwa kuwa nguzo mbili za rangi, yao ya bluu, yetu nyekundu. Chini kabisa ya nguzo yetu palikuwa na kipande cha kijivu. Akakizungushia duara kwa kile kitochi chao cha nukta nyekundu. "Watu hawa," akasema, "hawakuleta kazi yoyote kwenye muungano huu."

Nilikitazama kile kipande. Mle ndani nilikuwamo mimi, na mtu niliyesoma naye darasa moja ambaye nyumba yake ilichukuliwa na benki, na mama mmoja, rubani hodari, aliyekuwa anaendesha basi la shule huku akisubiri. Kijivu kitupu, unene wa kidole.

Kisha nikaitwa. Wakili wetu alinipitisha taratibu kwenye tarehe zangu. Kisha yule wa pili akasimama na swali lake.

"Sikuwa narusha," nilijibu.

"Kwa hiyo siku ile hukuwa na kiti."

"Nilikuwa na namba."

"Nimeuliza juu ya kiti, bwana."

"Sikuwa na kiti."

"Sina swali jingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tatu. Nilitaka kuwaambia wale wasuluhishi kwamba foleni haivunjiki kwa sababu dirisha limefungwa. Aliyekuja alfajiri amekuja alfajiri. Kwamba shirika letu liliweza kupona kwa sababu lilitukata sisi, na ndege lilizoleta kwenye muungano lilizileta kwa gharama yetu. Sikusema hata moja kati ya hayo. Niliteremka, nikaenda kukaa.

Wakati wa mapumziko nilisimama mezani kwenye birika la kahawa, na kijana mmoja wa upande wa pili akasimama karibu yangu. Alikuwa akichana pakiti ya sukari na mikono ilikuwa inamtetemeka kidogo. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba anasikitika kwa vile nilivyoulizwa. Kisha akaniambia la kwake. Alikuwa na miaka 34 na watoto wawili. Kwenye orodha yao alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kufika kiti cha kushoto. Kama tungepangwa kwa tarehe ya kuajiriwa, mamia ya watu wetu wangemwangukia juu, na ukapteni angeusikia akiwa na hamsini. "Mimi sikumpunguza mtu yeyote," akasema.

Ni kweli, hakumpunguza mtu. Nilimpa kijiko, kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa nacho mkononi.

Mpaka leo sidhani kwamba tarehe peke yake ingekuwa haki. Lakini sifuri nayo si haki, na kile kipande cha kijivu kilikuwa kinatupa sifuri.

Usiku ule nilimpigia baba, Dar es Salaam, ingawa huko kulikuwa kumeshakucha siku ya pili. Baba alikuwa fundi wa ndege wa East African Airways, pale Embakasi, Nairobi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamsimulia yote. Alisikiliza kimya mpaka mwisho.

"Embakasi niliingia 1963," akasema. "Jumuiya ikavunjika, shirika likafa 1977, tukarudi nyumbani. Nilikuja na sanduku langu la spana. Kazi mpya nikaandikwa upya, sawasawa na vijana waliotoka chuoni mwezi ule."

Sikuwahi kuambiwa hilo. Sanduku lenyewe nililijua tangu utoto. Lilikuwa chini ya kitanda chake, na hatukuruhusiwa kuligusa.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi saba. Uliletwa kama faili la kompyuta, majina maelfu, kila jina na tarehe yake ya kuajiriwa na tarehe ya kustaafu. Mke wangu alisimama nyuma yangu. Niliteremsha, nikateremsha, nikazidi kuteremsha, mpaka nikajiona. Hatukupigwa stepla. Wasuluhishi walikuwa wamehesabu muda tuliokuwa hewani na kuuchanganya na uwiano. Muda wa kusubiri waliuacha nje. Aliye juu yangu aliajiriwa miaka sita baada yangu. Kuhusu ndege za kuvuka bahari, waliweka uzio wa miaka kadhaa, kila upande ubaki na zile ulizokuja nazo. Nilimtafuta na yule kijana wa kahawa. Alikuwa majina kumi na mawili juu yangu.

Mke wangu akatoa karatasi ya zamani kwenye friji, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vyeti. Akabandika nyingine nyeupe.

Nilimpigia tena baba.

"Na ile miaka yako?" akauliza.

"Wamehesabu mitano, baba. Sita hawakuhesabu."

"Mitano si haba," akasema. "Ile sita iandike mahali."