Hesabu ya mafuta ya kupima: vile bajeti ilinisaidia kufundisha Gredi 7

Mimi ni mwalimu wa hesabu junia sekondari huku Kisauni, Mombasa, na mwaka wa 2024 nilipewa Gredi 7, watoto 58 darasa moja. Mada ya pesa kwa silabasi iko ndani ya vipimo, kuna faida na hasara, diskaunti, kamisheni, bili, pesa za simu, nikafikiri hapo tutapita mbio manake hawa watoto wanatumwa dukani tangu wakiwa wadogo kabisa. Wapi. Naandika ubaoni 15% ya 400 darasa lote kimya, alafu mapumziko namwona yule yule aliyeinamisha kichwa yuko kwa mama wa viazi karai, "mama shika mia, nipe viazi vya thelathini na achari ya kumi, nirudishie sitini," na hajafikiria hata sekunde. Kumbuka hesabu tunafundisha kwa Kiingereza, kwa hivo mwengine hesabu anaijua lakini swali lenyewe hajalielewa, nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu kabla sijamaliza.

Basi nikaamua tutafanya mradi wa bajeti muhula mzima. Na hapa nilikosea vibaya, nataka nieleze vizuri kwa sababu naona walimu wengi wanaanza hivi hivi. Niliwaambia kila mmoja aende nyumbani aulize wazazi mapato ya mwezi, kodi, chakula, stima, maji, nauli, aje na jedwali. Wiki iliyofuata nikakusanya vitabu. Msichana mmoja aliandika kodi 25,000 na mshahara 90,000, mwandiko mzuri na mistari imepigwa rula, na mimi najua nyumba wanayokaa. Alitunga zote. Wengine walileta kurasa tupu, na mvulana mmoja hakuja shule siku mbili.

Siku ya tatu akaja bibi yake. Anauza mahamri barazani kwake asubuhi, ndiye anayemlea. Hakuja kwa hasira, aliketi tu akaniambia, "Mwalimu, mtoto aniuliza twapata ngapi kwa mwezi. Mimi sina mwezi mwanangu, nina siku." Nilimuomba radhi pale pale. Nilikuwa nimewaambia watoto waje waanike nyumba zao mbele ya wenzao, na tena kwa jedwali la mtu mwenye mshahara wakati nyumba nyingi huku pesa inaingia jioni na kutoka asubuhi.

Nikabadilisha kila kitu. Nikatengeneza nyumba za karatasi, kila kundi la watu sita au saba likapewa nyumba moja. Watoto wenyewe wakazipa majina: Nyumba ya Tuktuk, Nyumba ya Mama Samaki, Nyumba ya Fundi, Nyumba ya Askari wa Geti na kadhalika. Kila nyumba ina watu wangapi, inapata ngapi kwa siku (sio mwezi), na siku ambazo haipati kitu. Nyumba ya Tuktuk leo 900 kesho 400, Jumapili sifuri. Alafu kila Ijumaa nachomoa karatasi kwenye mkebe wa biskuti: mvua imenyesha nauli imepanda, mgeni amekuja kutoka Kilifi anakaa siku nne, tokeni za stima zimeisha usiku, mifereji imekauka mnanunua maji ya mkokoteni. Hapo ndipo mtoto anagundua wastani ni nini, manake wastani wa 900, 400 na 0 ni kama 433, na hiyo 433 yenyewe haikuingia siku yoyote! Mwanafunzi mmoja alikataa kabisa, "ticha hii namba haipo," na tukakaa kwa hilo neno kipindi kizima, sijutii.

Bei hatukutoa kitabuni. Kila kundi lilienda dukani mtaani kwao na wengine wenye wazazi wafanyabiashara wakaleta bei za soko la Kongowea, na tofauti ya fungu la nyanya mtaani na kununua kreti sokoni ilitupa masomo ya uwiano ya wiki mbili.

Sasa mafuta. Kundi la Mama Samaki walikuwa wananunua mafuta ya kupikia ya kupima, ya shilingi 20 kila siku, nikawauliza hayo ni mililita ngapi, hakuna aliyejua, hata mimi. Kesho yake mmoja akaja nayo, yamefungwa kwenye karatasi ya nailoni fundo juu kama vile yanavyouzwa, tukaazima silinda ya kupimia kwa mwalimu wa sayansi. Nilitoboa ile nailoni pembeni polepole, watoto wamezunguka meza wengine wamepanda viti, mafuta yanashuka ukutani mwa silinda yakijivuta, tukangoja yatulie alafu nikamwita mfupi wao wote asome kwa usawa wa jicho. "Sitini." Mwengine akasoma tena, sitini. Basi lita moja ina vipimo 16 na kitu, mara 20 inakuja kama 333, na lita ya chupa kwenye duka lile lile ilikuwa 280. Makelele! Watu wakaanza kusema Mama Samaki anaibiwa, ni mjinga, kwani haoni.

Mvulana yule wa bibi, ambaye alikuwa hazungumzi darasani tangu yale mambo, akainua mkono. "Ticha, hiyo 280 ataitoa wapi siku moja? Akinunua lita leo hanunui samaki kesho, mtaji umeisha."

Kimya. Na ni kweli, mtaji wake ni ule ule anaokwenda nao kununua samaki alfajiri. Nikawaambia sawa, hiyo ni hesabu, tutafute njia. Wakasema aweke 10 kila siku pembeni huku akiendelea kununua ya 20. Tukaandika 10x = 280, x ni siku 28. Huo ndio ulikuwa mlinganyo wao wa kwanza ambao sikuwaandikia mimi. Alafu msichana wa nyuma akaendelea peke yake: akishapata lita ya kwanza itamtosha siku 16, na zile siku 16 hanunui ya 20 kwa hivo 20 inakaa, na 20 mara 14 tayari ni 280, lita ya pili imepatikana kabla ya kwanza kuisha na bado ana 40 juu. Ile kumi hahitaji tena kuiweka. Aliieleza akiwa amesimama, akiweka kidole chake kwenye kila siku ya kalenda ukutani. Mimi nilikuwa sijaifikiria hiyo.

Asilimia waliipata kwa pesa za simu. Niliwatuma wakanakili chati ya ada kwa wakala wa M-Pesa, wakati ule ukitoa 200 unakatwa 29 na ukitoa 2,000 unakatwa 29 hiyo hiyo. Wakagawanya: 14.5% na 1.45%. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza kwa nini tunatumia asilimia badala ya kutaja shilingi tu.

Sio kila kitu kiliingia kwenye bajeti. Nilijaribu kulazimisha jiometri, wapime sakafu za nyumba za karatasi wanunue vigae, ikawa kazi bure kwa sababu hakuna nyumba hata moja katika zile iliyokuwa na pesa ya vigae na watoto waliniambia hivo. Nikarudi kwa rula na bikari kama kawaida. Pia inakula wakati, mada ya wiki mbili ilichukua karibu wiki tano na nililipia kwa vipindi vya jioni.

Mwisho wa muhula yule bibi wa mahamri akanitumia ujumbe kupitia mjukuu wake, amesikia tunapiga hesabu za biashara, kama tunataka yeye atakuja. Sikumuomba, alijileta. Akasimama mbele na leso yake akawatajia kilo mbili za unga 180, nazi mbili 80, sukari 45, hamira 15, iliki 10, mafuta 100. Zote 430. Mahamri 60 kwa kumi kumi ni 600, watoto wakapaza sauti faida 170. Akawatazama. "Na makaa?" 60. Ikabaki 110. "Na wajukuu wanne wamekula mawili mawili kabla ya kwenda shule?" Themanini. Ikabaki 30. Darasa likagawanyika hapo, wengine wakisema yaliyoliwa ni hasara, wengine wakisema sio hasara kwani wale watoto wangekunywa chai na nini, ingebidi anunue, kwa hivo ile 80 ni mshahara wake amejilipa kwa chakula. Yule bibi alisikiliza pande zote mbili mpaka kengele ikalia, alafu akaniambia miaka yote amekuwa akiihesabu kama hasara. Mjukuu wake ndiye aliyembebea kikapu kutoka.

Mwaka wa 2025 nikasonga nao Gredi 8, na huko kuna riba na kununua kwa mkopo. Kundi la Tuktuk likaleta bei za bango waliloliona barabarani la simu ya kulipa mdogo mdogo: unaanza na 2,500 alafu 70 kwa siku, siku 360. Wakajumlisha 27,700, na simu kama hiyo taslimu ni 16,000. Ziada 11,700, yaani kama 73%. Mmoja akasema si bora aweke hiyo 70 kwa siku, baada ya siku 229 anainunua taslimu. Wakapiga makofi. Alafu sauti ikatoka dirishani: "na hizo siku 229 dereva atapigiwa na wateja kwa simu gani?" Sikuwa na jibu, nao hawakuwa nalo. Tukakubaliana waende steji wakawaulize madereva simu inawaletea abiria wangapi kwa siku, na kipindi kilichofuata wakarudi na namba zao.