Safari ya Blythburgh, kwenye kanisa la malaika wa mbao

Treni ya kwenda Suffolk, mashariki mwa Uingereza, unapandia kituo cha Liverpool Street pale London, unabadilisha Ipswich, na kuanzia hapo kinakuwa kijitreni cha mabehewa machache kinachosimama karibu kila kituo mpaka Lowestoft. Mi nikashukia Halesworth nikachukua teksi maana upepo wa huko aisee unakata masikio. Dereva akajua naenda Southwold baharini kama wageni wengine, nilipomwambia naenda Blythburgh kanisani akafurahi kweli, na tulipokaribia akapunguza mwendo ili nilione vizuri. Na unaliona mbali sana. Kijiji chenyewe ni nyumba za kuhesabika, mto Blyth umetanuka ukawa matope na matete matupu, halafu pale juu limekaa kanisa ambalo ungesema ni la mji mkubwa, wenyewe wanaliita katedro la mabwawani ingawa ni kanisa la parokia tu, halijawahi kuwa na askofu wake.

Sasa kwa nini kanisa kubwa hivyo kwa watu wachache hivyo? Jibu ni bandari. Zamani meli zilikuwa zinapanda mto mpaka hapa, kulikuwa na soko na kulikuwa na watawa wa Mtakatifu Augustino, mwaka 1412 wakapata kibali cha mfalme cha kujenga upya, na karne nzima ile watu wakawa wanaandika kwenye wosia zao kwamba nikifa pesa hizi ziende kwenye ujenzi na mniombee. Mnara ndo mkongwe zaidi, ni wa karne ya 14. Halafu mambo yakageuka, meli zikawa kubwa na mto ukajaa mchanga, mwaka 1537 mfalme Henry VIII akaifunga nyumba ya watawa, na 1676 moto ukaunguza sehemu ya kijiji. Biashara ikahama, watu wakahama, kanisa likabaki peke yake na ukubwa wake.

Ukiingia ndani kitu cha kwanza ni mwanga. Mi nimezoea makanisa ya zamani ya Kiingereza kuwa na kiza, hili limejaa mwanga kwa sababu kule juu kuna madirisha 18 kila upande yamepangana bila kuachana, na vioo vingi havina rangi maana vile vya zamani karibu vyote vilishavunjwa. Ukiinua shingo sasa ndo unawaona malaika, wamechongwa kwa mbao, wamekaa katikati ya boriti mgongo kwa mgongo, mmoja anatazama madhabahuni mwenzake anatazama mnarani, mabawa wameyatandaza. Rangi za miaka ya 1400 bado zipo kwenye dari, nyekundu na kijani zimefifia, hazijapakwa upya, na naomba wasizipake kamwe.

Hao malaika wamepona kwa shida. Tarehe 4 Agosti 1577, Jumapili, watu wako kwenye ibada, dhoruba ikapiga, radi ikashuka, ncha ya mnara ikaangukia paa, mwanamume mmoja na mvulana wakafa. Watu wa Suffolk wakasema ni shetani kapita kwa umbo la mbwa mweusi, Black Shuck wanamwita, na mlango wa kaskazini una alama za kuungua ambazo mpaka leo wanakuonyesha kuwa ni kucha zake. Nilizigusa, ni mabaka meusi marefu yaliyozama ndani ya mbao.

Halafu Aprili 1644, vita vya Bunge na mfalme Charles vimepamba moto, akaja William Dowsing, huyu kazi yake aliyotumwa ilikuwa kuondoa picha na sanamu makanisani na alikuwa anaandika kila alichovunja. Hapa aliagiza makerubi 20 washushwe na picha zaidi ya 200 ziondolewe. Ndo vioo vikaenda hivyo. Lakini malaika hawakushuka wote, na mi nikiangalia urefu wa lile paa naamini wanakijiji waliona gharama na hatari ya kupanda kule wakaacha tu.

Miaka mingi wageni walikuwa wanaambiwa matundu yaliyomo kwenye malaika ni risasi za askari wa Cromwell, kamanda wa upande wa Bunge kwenye vita ile. Mafundi walipokuja kuwatengeneza wakakuta kweli marisau mle ndani ya mbao, ila vitabu vya hesabu vya parokia vinasema kingine, mwaka 1761 kanisa lililipa watu wapige kunguru waliokuwa wanakaa mle ndani! Yani waumini wenyewe walikuwa wanafyatua bunduki darini kwao. Mi hii imenigusa kuliko ile ya Cromwell, kwa sababu inaonyesha hali yenyewe ilivyokuwa, paa limetoboka, ndege wanaingia na kutoka, hela ya kuziba hakuna.

Chini nako usipite haraka. Mabenchi yana vichwa vilivyochongwa dhambi kubwa, Mvivu yuko kitandani kwake, Mlafi ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, mlevi amefungwa miguu kwenye mkatale. Karibu na hapo kuna mtu wa mbao wa mwaka 1682 mwenye ndevu anayegonga kengele kuashiria ibada inaanza. Na kwenye viti vya kwaya, ambavyo kuna kipindi watoto walivitumia kama madawati ya shule, kuna matundu ya wino na jina limekwanguliwa, Dirck, 1665, umri miaka 12. Nilipitisha kidole kwenye zile herufi, amezichimba kwa bidii kabisa.

Kufika 1881 hali ilikuwa mbaya mpaka askofu akaamuru lifungwe, lilikuwa hatari kuingia. Hapo ikaanza mivutano maana karne ile makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yanakwanguliwa na kufanywa mapya, na msanii William Morris na chama chake cha kulinda majengo ya kale, alichokianzisha 1877, wakashikilia kwamba rekebisheni tu, msibadilishe. Likafunguliwa tena 1884. Mi nasema wazi, umaskini wa hapa ndo uliolinda kanisa hili, wangekuwa na pesa zamani zile wangeshatoa sakafu ya matofali iliyochakaa, wangeshapaka malaika rangi, tungekuta kanisa safi lisilo na kitu.

Na halijawa makumbusho. Mwaka 1969 ukumbi wa muziki wa Snape ulipoungua, tamasha la Aldeburgh la mtunzi wa muziki Benjamin Britten lilihamishia hapa baadhi ya maonyesho yake, na muziki unapigwa mpaka leo. Ibada zipo, mlango mchana uko wazi, kuingia bure. Ila matengenezo ni mzigo wa parokia yenyewe, kwa hiyo ukienda tia chochote kwenye lile sanduku la mbao, na ujipe saa mbili angalau.