Kinyota kwenye TI-84

Wenye kalkuleta za TI-84 Plus, sogeeni. Jana tunajisomea Capri Point, Mwanza, kalkuleta ya dogo mmoja ikaanza kuleta ERR:MEMORY, yaani kumbukumbu haitoshi. Akataka kufuta RAM yote (kumbukumbu ya kazi), na programu zake zimo humo. Nikamwambia tulia kwanza.

Bonyeza 2nd, kisha +, ingia Mem Mgmt/Del, chagua Prgm, peleka mshale kwenye jina la programu, gonga ENTER. Kikitokea kinyota (*) pembeni ya jina, imeshahamia flashi, kumbukumbu isiyoguswa ukifuta RAM. Tukafuta RAM: data za kwenye orodha ya L1 zikaenda, programu ikabaki. Dogo alivyochekelea!

Ila ikiwa na kinyota haiendeshwi, gonga ENTER tena uirudishe. Na ukifuta kumbukumbu yote, si RAM tu, kinyota hakikuokoi. Hapo kinachookoa ni nakala uliyoweka kwenye kompyuta. Waya wa kuunganishia ninao, anayeuhitaji anicheki Kirumba.