Kocha aliyepanga barua posta ya Chicago

Ukikaa South Bend, Indiana, jina la kocha Knute Rockne hulikwepi. Jengo la mazoezi la Chuo Kikuu cha Notre Dame lina jina lake, sanamu yake iko nje ya uwanja, na ukipanda gari na mzee wa hapa, kabla hamjafika mnakokwenda ameshakutajia. Wengi wanamsimulia kama mtume wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi. Mimi kinachonivuta ni kwamba mtu huyu alikuja na meli akiwa mtoto, akafanya kazi ya usiku kama sisi wabeba boksi, na chuo akakianza umri umeshasogea.

Alizaliwa Voss, Norway, tarehe 4 Machi 1888. Baba yake, fundi wa magari ya farasi, alitangulia Chicago kwa sababu ya maonyesho makubwa ya dunia ya 1893. Mama na watoto wakafuata mwaka huohuo. Utaratibu wenyewe tunaujua: mmoja atangulie, apate pa kujishikiza, kisha awaite wengine. Knute alikuwa na miaka mitano. Mpira aliufahamu kwenye viwanja vya vumbi vya mtaa wa Logan Square, akigombana na watoto wa wahamiaji wengine.

Sekondari hakuimaliza. Akaingia posta ya Chicago, akawa anapanga barua, nyingi usiku, kwa karibu miaka minne. Wanaofanya zamu ya usiku ghalani hawahitaji kuelezwa saa tisa alfajiri inafananaje, mwili unadai kitanda na mzigo bado unateremka. Yeye alikuwa anadunduliza ada. Zilipofika kama dola 1,000 alitaka kwenda chuo cha jimbo la Illinois, ila marafiki wakamshawishi aende Notre Dame, maana gharama zake zilikuwa nafuu. Akaingia 1910 akiwa na miaka 22 na upara umeshaanza kumnyemelea, mwanafunzi wa famasia anayesafisha maabara ili apate hela ya kujikimu. Notre Dame ya wakati ule haikuwa na ukubwa huu wa leo. Kilikuwa chuo kidogo cha Wakatoliki, na Rockne mwenyewe alikuwa Mlutheri.

Sasa twende kwenye mchezo, kwa faida ya ambao hawaufuatilii. Timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Zamani ilikuwa kusukumana tu, watu wanajipanga ukuta na kuvamiana, na baadhi walikufa uwanjani. Mwaka 1905 vifo vilizidi hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa vyuo vikubwa kuzungumzia hali hiyo. Mwaka uliofuata kanuni zikaruhusu kurusha mpira mbele kwa mkono. Timu kubwa za mashariki hazikuipenda sana, ziliona ni ujanja wa wasio na nguvu.

Kiangazi cha 1913 Rockne na mwenzake Gus Dorais walipata kibarua Cedar Point, ufukwe wa Ziwa Erie huko Ohio. Wakipata nafasi wanachukua mpira: Dorais anarusha, Rockne anakimbia na kuudaka, tena na tena kwenye mchanga. Tarehe 1 Novemba wakaenda West Point kucheza na chuo cha jeshi, timu ambayo hakuna aliyetarajia waifunge. Rockne alisimulia baadaye kwamba alianza kwa kuchechemea makusudi, kana kwamba ameumia. Beki aliyekuwa akimkaba akalegea. Ghafla Rockne akachomoka mbio, Dorais akautuma mpira, naye akaudaka peke yake na kufunga. Matokeo yakawa 35 kwa 13. Hapa wenyeji wengi watakuapia kwamba siku ile ndipo pasi ya mbele ilipozaliwa. Si kweli, timu ya St. Louis ilishaitumia 1906. Ila magazeti ya New York yaliiona siku ile, na kisichoonwa na magazeti ya New York nchi hii ni kama hakikutokea.

Alihitimu 1914, akabaki chuoni akifundisha kemia na kumsaidia kocha Jesse Harper. Jumapili alikwenda Ohio kucheza kwa malipo na timu ya Massillon. Kazi mbili tatu kwa wiki moja, basi.

Mwaka 1918 akakabidhiwa timu. Hadi 1930 alishinda mechi 105, akapoteza 12 na kutoka sare 5. Vijana wake walihama nafasi kwa mpigo sekunde chache kabla mpira haujachezwa, wapinzani wakabaki wanatafutana, mpaka kamati ya kanuni ikalazimisha wasimame kwanza. Mwaka 1929 mguu ulimsumbua kwa ugonjwa wa mishipa, akafundisha akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, na uwanja mpya ulikuwa bado unajengwa kwa hiyo kila mechi ilichezwa ugenini. Akashinda zote tisa.

Lakini msimu ninaoupenda ni wa 1924. Indiana wakati ule ilikuwa mikononi mwa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ambao waliwachukia Wakatoliki na wahamiaji karibu sawa na walivyotuchukia sisi weusi. Mei walikusanyika South Bend, wanafunzi wakatoka kupambana nao mitaani, hadi rais wa chuo, Padri Matthew Walsh, akawasihi warudi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kubana wahamiaji, na Novemba mtu wa Klan akachaguliwa gavana. Timu ya Rockne, iliyokuwa na majina ya Kiairishi na ya wahamiaji wengine, haikufungwa na mtu, na tarehe 1 Januari 1925 ikaifunga Stanford 27 kwa 10 huko California. Sitaki kutia chumvi niseme futiboli iliishinda Klan. Ila vibarua wa Kikatoliki waliokuwa hawajawahi kukanyaga chuo chochote waliihesabu timu ile yao.

Tarehe 31 Machi 1931 ndege ya abiria aliyopanda kwenda California ilianguka karibu na Bazaar, Kansas. Wote wanane walikufa. Bawa lilikuwa la mbao na gundi yake iliharibiwa na unyevu. Kwa vile aliyekufa ni Rockne, serikali ilibanwa kueleza kilichotokea, ukaguzi ukakazwa, na mashirika yakaanza kutafuta ndege za chuma tupu. Ukipanda ndege kurudi Dar, kifo chake kimechangia kidogo usalama wako.

Studebaker, kiwanda cha magari cha hapahapa ambacho alikuwa akikifanyia kazi ya kuhamasisha wauzaji, kilitoa gari lenye jina lake. Halikudumu, 1933 likakoma, na Desemba 1963 kiwanda chenyewe kikafungwa milango South Bend. Timu ipo. Jumamosi za mechi wenye nyumba jirani na uwanja huegesha magari ya wageni kwenye majani yao kwa malipo, moshi wa nyama choma mpaka jioni. Mimi siku hizo huchukua zamu ya ziada, maana barabara hazipitiki.